Shukrani kwa Sakafu Iliyokataa Kukauka

Leo ni Jumamosi, tarehe kumi na nne ya mwezi wa sita, saa tano kasoro robo asubuhi kwa saa ya ukutani iliyo nyuma yenu, na mimi, kiranja wa usafi wa shule hii, naahidi mbele yenu kusema yote, bila kutia chumvi na bila kuipunguza.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, mgeni wetu wa heshima, Mwalimu Mkuu, waheshimiwa wajumbe wa Bodi, walimu wetu wapendwa, mtaalamu wetu wa vipimo, ambaye sisi wanafunzi tunakuita Mama Mwangwi, na leo ndiyo unajua, wazazi na walezi, mama yangu mzazi, uliyeketi safu ya nne na ambaye tangu nisimame unaniashiria nivute soksi, wanafunzi wenzangu, na wewe Fundi, uliyesimama pale mlangoni na bisibisi mkononi, kwa kuwa bawaba ilianza kulia asubuhi hii na ikabidi uitwe: itifaki imezingatiwa, na pale ilipokuwa haijazingatiwa nimeirekebisha mwenyewe. Habari za asubuhi.

Nimepewa dakika saba nitoe shukrani kwa niaba ya wanafunzi. Hotuba yangu ina kurasa tano. Ukurasa wa kwanza umesahihishwa mara mbili na mwalimu wetu wa Kiswahili kwa kalamu nyekundu, nao unasema kwamba maktaba ni taa ya elimu, kwamba kitabu ni rafiki asiyesaliti, na kwamba tunashukuru. Tunashukuru kweli. Huo ndio ukurasa wa kwanza, umekwisha. Kurasa nne zilizobaki niliziandika jana alasiri, mwalimu hakuziona, kwa hiyo makosa yote mtakayoyasikia kuanzia sasa ni yangu peke yangu.

Ndugu wageni waalikwa, mlipokea kadi tatu. Ya kwanza iliwaita hapa tarehe tatu ya mwezi wa tano, ikafutwa. Ya pili iliwaita tarehe ishirini na nne, nayo ikafutwa. Ya tatu ndiyo iliyowaleta leo. Kila kadi ilipofutwa mliambiwa ni kwa sababu zisizozuilika. Je, hakuna hata mmoja wenu aliyejiuliza ni sababu gani hizo? Wengi wenu mlijiuliza, na wengi mlijibiwa, maana jibu lilizunguka mtaa mzima kwa siku mbili: kwamba fundi amejenga vibaya, kwamba sakafu inavuta maji kutoka ardhini, kwamba zege halikauki. Na jibu hilo halikuishia midomoni. Liliandikwa katika barua ya Bodi, na barua hiyo ikamwambia Fundi kwamba bweni jipya la wasichana, lile ambalo alikuwa ameshapimia msingi, hatalijenga yeye.

Mimi nimesimama hapa kwa ajili ya barua hiyo. Najua kwa nini sakafu ilikataa kukauka. Nilikuwepo. Kusema kweli, nilikuwepo zaidi ya mtu mwingine yeyote.

Kwanza niwaeleze kazi yenyewe, kwa sababu wengi wenu hamkuiona. Mnakokanyaga ni mbao, na chini ya mbao ni zege. Mbao ukizilaza juu ya zege bichi, zinakunywa maji, zinavimba, zinainuka katikati kama mgongo wa paka aliyeona mbwa. Kwa hiyo zege lazima likauke kwanza, na anayeamua limekauka si fundi wala mwenyekiti. Ni kipimo. Ndiyo maana Bodi ilimwita Mama Mwangwi, na kwa hilo naipongeza Bodi kwa dhati, kwa sababu bila yeye tungekuwa bado tunaamini tulichokuwa tunaamini.

Taarifa ilikuja shuleni siku ya Alhamisi. Ilisema hivi: Kesho saa nne mtaalamu atafika kukagua sakafu ya maktaba. Basi. Waheshimiwa, shule ikisikia neno kukagua haiulizi kinachokaguliwa ni nini. Shule ikisikia kukagua, inashika ndoo. Tumelelewa hivyo. Mkaguzi wa hesabu akija, tunadeki. Daktari wa meno akija, tunadeki. Mwaka jana alikuja mtu kuuliza njia, na kwa kuwa alikuwa na mkoba tukadeki.

Kwa hiyo Ijumaa ile, saa moja asubuhi, mimi na wasichana kumi na mmoja wa kidato cha tatu tuliingia humu na ndoo kumi na mbili za maji. Zege lilikuwa wazi, lina vumbi la saruji, na vumbi la saruji haliondoki kwa ufagio, linahama tu. Tukamwaga maji. Tukasugua. Tukafuta kwa matambara mpaka ukipitisha kiganja huoni unyevu. Tukafungua madirisha yote. Saa nne ilipofika, macho ya mtu yeyote yangesema hii sakafu ni kavu, na safi kiasi cha kuona haya kuikanyaga.

Mama Mwangwi akaingia na sanduku lake. Mmeliona, liko pale kando ya kiti chake: ni kama mkebe mkubwa wa chakula, na mbele lina mdomo wa bati uliopanuka kama tarumbeta. Rafiki yangu mmoja, tunayemwita Redio kwa sababu hazimwi, akamuuliza, "Mama, hiyo ni ya kupigia picha?"

"Hapana, mwanangu. Ni ya kuuliza."

"Inaiuliza sakafu?"

"Inaiita. Sakafu inaitika. Mimi nasikiliza imeitika vipi."

Akatufafanulia, na nitawaeleza kama nilivyoelewa. Sanduku lile hutoa mawimbi ya maikrowevu, ndugu wa yale yanayopasha chakula kwenye oveni, ila haya ni dhaifu mno, hayawezi hata kuvuguvugisha kijiko cha chai. Yakifika kwenye kitu, sehemu inapita ndani na sehemu inarudi. Kitu kikavu hurudisha kidogo. Maji hurudisha sana. Anayejua kusoma kinachorudi anajua kilicho ndani, bila kutoboa, bila kupasua, bila kumuumiza mtu. Akaweka mdomo wa tarumbeta juu ya rundo la madaftari yetu, kioo kikaandika sita. Akauweka kwenye kiganja cha Redio, namba ikaruka juu, kwa maana binadamu, alisema, ni ndoo ya maji yenye majina. Kisha akauweka kwenye sinia la bati, na kila kilichokwenda kikarudi chote.

"Bati halipokei kitu," akasema. "Unaliambia neno, linakurudishia lote kama ulivyolileta. Msiwe bati, wanangu."

Redio akaninong'oneza, "Kama mwalimu wa zamu." Mwalimu wa zamu, nakuomba radhi. Nimeahidi kusema yote.

Fundi naye alikuwepo, ameshika pimamaji yake, ule ubao wenye kichupa anaotumia kujua kama kitu kimelala sawa. Sisi tunamwita Fundi Timazi, kwa sababu hata akiegemea ukuta anasimama wima. Akamwambia Mama Mwangwi, "Dada, hii yangu wameipa jina la bure. Inapima ulalo tu. Anayepima maji ni wewe." Wakacheka pamoja. Ndiyo mara ya mwisho niliyomwona Fundi anacheka humu ndani.

Sakafu ya kulazia mbao inatakiwa isome chini ya ishirini. Yetu ilisoma arobaini na sita.

Mheshimiwa Mwenyekiti, unakumbuka uliyoyasema siku ile? Mimi nakumbuka, kwa sababu nilikuwa hatua tatu kutoka kwako. Ulisema, "Fundi, unatujengea maktaba au unatuchimbia kisima?"

Fundi akajibu, "Mheshimiwa, chini ya zege nimetandika nailoni nzito, kwa mikono hii hii. Maji hayawezi kupanda."

"Nailoni gani? Ya kufungia sukari?"

Tulicheka. Wajumbe walicheka, walimu walicheka, vibarua wa Fundi hawakucheka. Mheshimiwa, mzaha ule ulikuwa mzuri, ulikuja kwa wakati wake, na sisi wanafunzi tunaurudia bwenini mpaka leo. Kasoro yake ni moja tu, kwamba haukuwa kweli. Na mimi nilicheka kuliko wengine, nikiwa nimeficha ndoo nyuma ya sketi.

Sasa, ndugu wazazi, mtasema: wewe kiranja, umeambiwa kwamba kifaa kinatafuta maji, umetoka kumwaga maji, na hukuunganisha? Swali zuri. Jibu langu si zuri. Niliunganisha, lakini polepole, kama mtu anayevaa nguo gizani. Nilijiambia kwamba tulikausha vizuri. Nilijiambia kwamba maji yaliyofutwa si maji tena. Nilijiambia kwamba mtaalamu angejua. Je, mtu akitaka kutojua jambo, hukosa pa kusimama?

Baada ya wiki tatu Mama Mwangwi akarudi. Alhamisi, siku moja kabla hajafika, Mwalimu Mkuu alituita. Mwalimu Mkuu, wewe ni mlezi wetu, umetufundisha kwamba kucha fupi ni mwanzo wa akili ndefu, na sitasahau. Siku ile ulisema, "Mkaguzi hakuridhika. Safari hii nataka wali ukidondoka humo uokotwe uliwe."

Tukaongeza ndoo. Zilikuwa ishirini na nne. Kipimo kikasoma hamsini na nane.

Wiki tatu za jua kali, waheshimiwa, na sakafu imezidi kulowa! Hata aliyekuwa upande wa Fundi angesema nini? Mheshimiwa Mwenyekiti hukutania tena siku ile, na ingekuwa afadhali ungetania. Ulisema zege lote lipasuliwe Jumatatu ya wiki ya pili yake, na barua ya bweni ikaandikwa jioni hiyo hiyo, tarehe kumi na sita. Fundi aliomba kitu kimoja tu: apewe Ijumaa moja zaidi, ili Mama Mwangwi alete tarumbeta yake kubwa, ile inayoita mpaka chini, ambayo wakati huo ilikuwa kwenye kiwanda fulani ikisikiliza magogo. Ukakubali. Kwa hilo nakushukuru, Mheshimiwa, na shukrani hii si ya kwenye karatasi ya kwanza.

Ijumaa ya tatu tukadeki.

Naam. Tulideki. Msininung'unikie, hata mimi nimeshajinung'unikia. Mkono uliozoea kazi hauulizi kichwa. Mama Mwangwi akaja na tarumbeta mbili. Ile ndogo husikia kina cha nusu kidole. Ile kubwa husikia shubiri nzima. Akaweka ndogo: sitini na moja. Fundi akafumba macho. Akaweka kubwa, akaondoa hesabu ya maji ya juu, ikabaki ya chini: kumi na saba.

Akarudia. Akahamia dirishani, akarudia. Akahamia pale ulipo wewe, Mwalimu wa Hesabu, akarudia. Kisha mama yule, na sketi yake nzuri ya kazini, akaketi chini sakafuni kama mtoto wa chekechea.

"Jamani," akasema, "hii sakafu imekauka kinyumenyume."

Mheshimiwa Mwenyekiti ukamwambia, "Eleza kwa lugha ya watu."

"Zege hukauka kuanzia juu, kwa sababu juu ndiko kwenye hewa. Likiwa bichi, juu linakuwa kavu na chini limelowa. Na kama maji yangekuwa yanapanda kutoka ardhini, chini ndiko kungelowa zaidi. Hapa chini ni pakavu kabisa. Juu ndiko kumelowa. Nailoni ya fundi iko salama. Haya maji hayajapanda, Mheshimiwa. Yameshuka."

Kila mtu akatazama paa. Paa lilikuwa zima.

Mama Mwangwi akatazama kona ile, mahali palipo na kabati la kamusi sasa. Palikuwa na rundo la mbao za sakafu zikisubiri zamu yao. Akaomba zisogezwe. Vibarua wakazibeba, nne nne. Chini ya rundo palikuwa na mstatili wa zege lenye rangi hafifu kidogo kuliko kwingine. Akaweka tarumbeta ndogo: kumi na tano. Akaweka kubwa: kumi na sita. Pakavu juu, pakavu chini, pakavu kama mkate wa juzi.

Mnajua kwa nini? Mnajua, naona Redio ameshaficha uso. Kwa sababu zile mbao zilikuwa nzito na sisi tulikuwa wavivu. Kiranja mwema angesema zisogezwe, tudeki chini yake. Mimi nilisema, "Zungukeni tu, nani ataona?" Wageni waalikwa, katika mashtaka haya yote shahidi wa kwanza wa Fundi ni uvivu wangu. Kama ningefanya kazi yangu vizuri, leo zege hili lingekuwa kifusi.

Mama Mwangwi akasimama, akajikung'uta, akauliza kwa upole, "Nani anamwaga maji humu?"

Mwalimu Mkuu ulitazama dari. Mimi nilitazama viatu. Redio, ambaye hajawahi kunyamaza tangu kidato cha kwanza, alinyamaza.

Na wewe, Mheshimiwa Mwenyekiti, kwa kuwa hakuna aliyejibu, ulijibu mwenyewe: "Ni vibarua wake hao. Wanaoshea makoleo ndani." Fundi akafungua kinywa, akatutazama sisi kumi na wawili tuliojipanga ukutani na sare zetu zilizopigwa pasi, akakifunga.

Ndivyo sakafu ilivyonusurika na jina la mtu likabaki limelowa. Zege halikupasuliwa. Juu palipokauka, mbao zikalazwa kwa siku sita. Ila barua ya bweni haikuguswa. Aliyekuwa mjenzi mbaya akawa msimamizi mzembe, na bweni likabaki halina fundi. Katika juma lilelile, kwenye mkutano wa asubuhi, mimi na wenzangu tulikabidhiwa Kombe la Usafi. Hili hapa. Nililikumbatia, tukapigwa picha. Picha hiyo ipo kwenye ubao wa matangazo, mkitoka mtaiona upande wa kushoto. Mimi ndiye ninayetabasamu kama nina jino linalouma.

Nilikaa na jino hilo siku nane. Siku ya tisa nilimwendea mama yangu. Mama ni mshonaji, na mshonaji ukimwendea na maneno hakutazami, anatazama sindano, ndiyo maana ni rahisi kumwambia. Nikamuuliza, "Mama, mtu akifanya kosa kwa kuamriwa, kosa ni la nani?"

"Aliamriwa nini?"

"Kudeki."

Nikamweleza yote. Akashona mpaka mwisho wa pindo, akakata uzi kwa meno, akasema, "Uliamriwa kudeki. Je, uliamriwa na kunyamaza?"

"Hapana, mama."

"Basi kudeki ni kwao. Kunyamaza ni kwako. Vaa viatu uende."

Nilimkuta Fundi kwenye karakana yake, nyuma ya nyumba, anagongelea miguu ya viti vya watu. Vibarua wake kumi na wanne hawakuwepo. Kulikuwa na yeye, nyundo, na viti viwili. Nilianza kusema nilivyojizoeza njiani, "Shikamoo Fundi, nimekuja kukiri," akanikatiza.

"Marahaba. Kwamba mlikuwa mnadeki? Nilijua tangu Ijumaa ya pili."

"Ulijuaje?"

"Mwanangu, matambara yenu kumi na mawili mliyaanika kwenye jukwaa langu la ujenzi. Nimesimama chini yake, maji yananidondokea utosini, tone, tone. Nisijue? Ndiyo maana nikaomba ile tarumbeta kubwa."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. "Sasa Fundi, kwa nini ulipoulizwa hukusema?"

Akaweka nyundo chini. "Niseme nini? Kwamba nimeshindwa na mabinti wenye ndoo?" Halafu akaacha utani. "Sikiliza, binti yangu. Fundi akisimama mbele ya wakubwa akasema si mimi, ni watoto, hata kama ni kweli, nani atamwita tena kuwajengea watoto? Neno hilo halikuwa langu kulisema."

Waheshimiwa, mimi nimesoma fasihi miaka mitatu, na mwalimu wangu ananipa alama nzuri. Somo lile sijalikuta kitabuni. Nilimshikia kiti akagongelea mguu, nikaaga.

Jumatatu nikaenda ofisini kwa Mwalimu Mkuu. Mwalimu Mkuu, samahani, nimeahidi yote. Nilimwambia kwamba sisi ndio tuliomwaga maji. Akapanga kalamu zake, akazipanga tena. Kisha akasema, "Na mimi ndiye niliyewatuma." Akafungua droo, akatoa karatasi nne safi, akanisukumia. Nikauliza, "Za nini, Mwalimu?" Akasema, "Si umepewa shukrani za wanafunzi Jumamosi? Ukurasa mmoja ni mfupi. Zamu yangu ya kusema ni baada yako, nami nitasema yangu." Basi hizo ndizo kurasa nne. Nawaambia ili mjue kwamba shule hii ina mkuu ambaye, akigundua kosa lake, hatafuti tambara la kulifutia.

Sasa, ili msiniamini kwa maneno tu, leo saa mbili asubuhi nilimwomba Mama Mwangwi apime tena, juu ya mbao, mahali kumi. Matokeo ni haya, ameyaandika kwa mkono wake na kutia sahihi: mbao ni kumi na moja, zege chini yake ni kumi na nne, popote alipopima. Nakabidhi nakala kwa Katibu wa Bodi. Tafadhali, Katibu, ipokee kwa mikono miwili. Na kama mmeona vumbi chini ya viti vyenu na mkasikitika kwamba shule imeshuka, msisikitike. Vumbi hilo ni la makusudi. Niliwazuia wenzangu wasiguse maji tangu Jumatano, na nililinda mlango mimi mwenyewe, na ilikuwa kazi ngumu kuliko kudeki.

Kombe hili naliweka hapa mezani. Tutalishindania tena mwakani, kwa kusogeza mbao.

Namshukuru Mama Mwangwi, ambaye kwa kusikiliza kinachorudi tu aliona tulichokificha, na hakutaja majina kwa sababu, alisema, kifaa chake hakisomi majina. Amenikaribisha kwenye chumba chake cha vipimo wakati wa likizo, niende nijifunze kuita na kusikiliza. Mama yangu amekubali, kwa sharti la soksi. Nawashukuru wasichana wenzangu kumi na mmoja, ambao tangu jana wanajua nitasema nini na hawakunizuia. Simameni, jamani, waone. Asante. Redio, na wewe simama. Tunakuomba msamaha, Fundi, sisi sote, pamoja na vibarua wako kumi na wanne ambao tuliwaacha wabebe ndoo zetu.

Na wewe, Mheshimiwa Mwenyekiti, nakushukuru kwa maktaba hii. Uliitafuta kwa miaka sita, uligonga milango ambayo wengine waliogopa hata kuipita, na kila kitabu kilicho kwenye rafu hizi kina jasho lako. Ulikuwa mwepesi wa hasira kwa sababu uliipenda. Na mtu mwenye kupenda kitu, nimeambiwa, huwa hachelewi kurekebisha alipokosea. Sikuambiwa na yeyote, kwa kweli. Nimetunga, nikitumaini ni kweli.

Wageni wetu, masikio yenu mmeniazima zaidi ya dakika saba, nami nawarudishia yakiwa mazima. Nimemaliza kusema, ila sijamaliza kusimama, kwa maana darasani kwetu aliyeuliza swali haketi mpaka ajibiwe. Kipaza sauti hiki kina waya mrefu; nimeupima asubuhi, unafika mpaka kitini pako. Nakuletea.

Mheshimiwa Mwenyekiti, ile barua ya tarehe kumi na sita, inafutwa leo au haifutwi?